Punje Tisini na Nane

Mharage uliopandwa Jumatatu asubuhi ndani ya kitalu-mbio ulikuwa umeshachungulia kabla ya chai ya saa nne. Adhuhuri ulikuwa na majani manne. Jumanne wanafunzi waliporudi maabara waliukuta umejizungusha kwenye ufito wake huku ukitetemeka kidogo, maana kitu kinachokua kwa kasi ile hakiwezi kutulia. Jumatano ulitoa maua, na Alhamisi maganda yakawa yamekauka, yakaanza kupasuka yenyewe, pa, pa, pa, kama bisi ndani ya sufuria iliyofunikwa.

Kitalu-mbio kilikuwa kabati la kioo lenye urefu wa mlango. Ndani yake hamkuwa na udongo. Mizizi ilining'inia hewani ikinyweshwa ukungu wenye kila chumvi inayoitaka, na taa za zambarau ziliudanganya mmea kwamba siku moja ni mwezi mzima. Vitalu vya namna hiyo ndivyo vilivyolisha miji yote ya nchi. Chuo Kikuu cha Bonde, jijini Korogwe, kilikuwa na arobaini vya kufundishia tu, kwa sababu somo la Utangulizi wa Jenetikia linamtaka mwanafunzi awaone wajukuu wa mharage wake, na hakuna mwanafunzi wa mwaka wa kwanza mwenye subira ya misimu miwili.

Aliyezoea habari za Korogwe ya mababu, ile ya kununua machungwa dirishani mwa basi, na aisahau. Korogwe ya mwaka 2094 ilikuwa jiji la watu milioni tatu. Reli ya hewani iliuvuka Mto Pangani mara saba, na machungwa yaliletwa na droni hadi ghorofa ya arobaini, yameshamenywa.

Katika maabara hiyo, meza ya mbele kabisa, alikaa mwanafunzi mmoja mwenye koti jeupe juu ya kanga. Jina lake Bi Mwamvita, Mbondei wa Muheza, umri miaka hamsini na minane. Wenzake, ambao wengi walikuwa na miaka kumi na tisa na videvu laini, walimwita Bibi Jenetikia. Hakuchukia. Alishaitwa majina mabaya zaidi na wapiga debe wa stendi.

Hata mwalimu alimzoea kwa taabu. Siku ya kwanza Dokta Singano, ambaye angeweza kuwa mdogo wake wa mwisho, aliingia darasani, wanafunzi wote wakasimama, na Bi Mwamvita akasimama nao. Dokta alipomwona, adabu aliyofunzwa nyumbani ikamtangulia. "Shikamoo mama," akasema mbele ya watu mia na ishirini. "Marahaba mwanangu," akajibu Bi Mwamvita kabla hajakumbuka yuko wapi. Darasa lilicheka mpaka kengele ya dharura ikataka kulia. Baadaye wawili hao walipatana: ndani ya mlango yeye ni mwanafunzi, atasimama kama wengine, nje ya mlango Dokta atatoa shikamoo yake kama mtoto mwenye malezi.

Sasa, mwanamke wa umri ule alifuata nini kwenye jenetikia? Alifuata jibu la swali moja. Kwa miaka ishirini na miwili Bi Mwamvita alikuwa mama lishe katika stendi ya Manundu. Maharage yake yalijulikana hadi Segera. Kibanda cha pili yake kilikuwa cha shoga yake, Bi Sikudhani, na wawili hao walikopeshana chumvi, walisukana nywele, walizalishana watoto. Halafu ukaja mwaka ambao maharage yalianza kugoma. Unayatia motoni alfajiri, adhuhuri yangali yanagonga sufuria. Mkaa unakwisha, wateja wanaondoka. Mwanzoni zilikuwa punje chache ndani ya gunia, na Bi Mwamvita alizichambua. Kisha zikawa nusu. Kisha gunia zima.

Alimtazama Sikudhani kwa jicho la pembeni, na Sikudhani naye alimtazama hivyohivyo. Maana chungu kinachokataa kuiva bila sababu kina maelezo yake mtaani, na kila mtu anayajua. Siku moja, mbele ya wateja, Sikudhani alisema kwa sauti kwamba kuna watu humu stendi wanafunga vyungu vya wenzao. Bi Mwamvita akajibu kwamba anayejua vyungu vinavyofungwa ndiye mwenye kamba. Hayo yalikuwa maneno ya mwisho kati yao. Mwaka huohuo majiko-kani yaliingia mjini, mashine za chuma zenye nguvu ya kuivisha hata jiwe kwa dakika sita. Vibanda vyote viwili vikafungwa, na miaka kumi na miwili ikapita bila salamu, ingawa waliishi umbali wa vituo vitatu tu vya reli.

Bi Mwamvita aliamini jambo moja au jingine kutegemea na siku. Siku nyingine aliamini Sikudhani alimfunga. Siku nyingine, na hizo ndizo zilizomuuma, aliamini mkono wake mwenyewe umekufa. Wanawe walipojitegemea alifanya mtihani wa kujiunga wa watu wazima, akafeli, akaurudia, akafaulu. Katika mhadhara wa kwanza aliuliza: "Mwalimu, kwa nini maharage yaache kuiva?" Watoto wakacheka. Dokta Singano hakucheka, lakini alisema swali hilo ni la mapishi. Kuuliza si ujinga, alijiambia Bi Mwamvita, akaketi na swali lake.

Alhamisi hiyo ndiyo ilikuwa siku ya kuhesabu wajukuu. Wiki mbili nyuma kila meza ilipewa wazazi wawili. Mmoja alikuwa Mbio Nyeupe, maharage meupe ya vitaluni yanayoliwa na nchi nzima. Mwingine alikuwa Nyekundu ya Milimani, mbegu ya kale kutoka Lushoto, iliyohifadhiwa kwenye baridi na kutolewa kwa ajili ya somo tu. Wanafunzi waliwaozesha, wakapata watoto wote wekundu. Wakawapanda watoto hao, wakapata wajukuu, miche mia nne kwa kila meza. Sheria ya zoezi ilisema: katika kila mche chukua punje moja iwe shahidi. Punje hizo mia nne zihesabiwe kwa rangi. Nadharia inataka nyekundu tatu kwa kila nyeupe moja.

Bi Mwamvita alikuwa na njia yake ya kulieleza hilo. "Jeni tawala ni mama mkwe," alimwambia Nakijwa, mwenzake wa meza. "Jeni fiche ni mkaza mwana. Wakikaa nyumba moja utamsikia mama mkwe tu. Mkaza mwana yumo, kanyamaza. Lakini katika wajukuu, nyumba moja kati ya nne haina mama mkwe kabisa. Hapo ndipo sauti ya yule mwingine inapotoka." Dokta Singano, aliyekuwa akipita, aliinakili pembeni mwa maandalio yake bila kuomba ruhusa.

Nakijwa Mbwambo alikuwa Mpare wa Same, mwembamba, mwepesi wa hesabu na mzito wa kuamka. Siku hiyo yeye alipukuchua maganda na kudondosha mashahidi kwenye sinia, na Bi Mwamvita akaziweka punje sawa tayari kwa kuhesabiwa. Kazi hiyo ilichukua saa nzima na waliipitisha kwa utani.

"Nyinyi Wapare, makande asubuhi, makande jioni," alisema Bi Mwamvita huku vidole vikitembea juu ya sinia. "Nasikia hata keki ya harusi mnaweka mahindi."

"Na maharage, Bibi. Bila maharage ndoa haifungwi."

"Na posa je?"

"Posa inapelekwa na makande yaliyolala. Yakikubaliwa hayo, bwana harusi ana bahati, maana familia haina makuu."

Wakacheka. Sinia likawa tayari, wakalisukuma mbele ya Mhakiki.

Mhakiki alikuwa mtambo wa kuhesabu na kukagua, meza ya chuma yenye macho kumi na mawili na sauti ya mtu aliyelelewa vizuri. Chuo kilimweka kwa sababu wanafunzi wa jenetikia wana ugonjwa wa tangu zama: matokeo yakikataa kufanana na kitabu, huyapika. Mhakiki alijua miche mingapi iliota na punje ngapi zilitakiwa.

"Habari za mchana," alisema Mhakiki. "Nyekundu mia mbili thelathini na moja. Nyeupe sabini na moja. Jumla mia tatu na mbili. Miche ilikuwa mia nne. Upungufu ni punje tisini na nane."

"Hesabu tena, baba," alisema Bi Mwamvita.

Mhakiki alihesabu tena, kwa adabu ileile, akapata vilevile. Meza za jirani zikageuka kutazama. Kila mtu aliijua sheria iliyobandikwa mlangoni: mbegu ya chuo ikichukuliwa maabara bila kibali, aliyeichukua anaondolewa kwenye somo. Bi Mwamvita alikuwa ameshafeli jaribio la kwanza, na hakuwa na akiba ya huruma ofisini kwa msajili.

"Mwalimu," alisema Bi Mwamvita, Dokta Singano alipofika, "mimi sijachukua hata moja. Sina haja nazo. Nyumbani kwangu maharage yanakuja kwa bomba, yameshaiva." Jasho lilikuwa likimtoka usoni. Akaingiza mkono kwenye mfuko wa koti atoe leso.

Mkono haukutoka. Uso wake ulibadilika, kila aliyekuwa karibu aliona. Kisha, polepole, akautoa ukiwa umejaa, akamimina juu ya meza. Akaurudisha, akamimina tena, mpaka mfuko ukawa mtupu.

"Tisini na nane," alisema Mhakiki. "Ahsante."

Hakuna aliyecheka. Bi Mwamvita alitamani wangecheka.

"Mama Mwamvita," alisema Dokta Singano kwa upole, "zimefikaje humo?"

"Ningejua ningekwambia. Wallahi sijui."

Dokta aliegemea meza. Alikuwa mtu mwema, lakini wema wake ulikuwa na mipaka ya kazi. Alieleza kwamba taarifa ya Mhakiki huenda kwa msajili saa kumi kamili, yenyewe, na hana uwezo wa kuizuia kwa sababu tu anamheshimu mtu. Akiwa na maelezo yanayothibitika, ataiandikia barua ya kuipinga. Saa ya ukutani ilionyesha saa saba na dakika kumi.

Wenzao waliondoka kwenda kula. Bi Mwamvita alibaki kwenye kigoda chake, kanga imemteleza begani. Aliwaza safari ya kurudi nyumbani, na jirani zake, na wanawe ambao walimwambia angefungua duka la nguo. Zaidi ya yote aliwaza swali lake. Ataondoka nalo kama alivyokuja.

"Kikulacho ki nguoni mwako," alisema Nakijwa. "Wahenga hawakukosea."

"Usinitanie, mjukuu wangu. Leo sina moyo."

"Sikutanii, nahesabu." Binti huyo alikuwa ameinamia zile tisini na nane, akizitenga kwa ncha ya kalamu. "Nyekundu sabini na tano. Nyeupe ishirini na tatu. Bibi, mtu akiiba huchukua nzuri, au kubwa, au za rangi moja. Wewe umechukua za rangi zote, tatu kwa moja, sawasawa na zilizobaki. Hukutazama rangi kabisa."

"Sikutazama kitu chochote. Nilikuwa nakusikiliza wewe na keki zenu za mahindi."

"Na tisini na nane katika mia nne ni kiasi gani?"

Bi Mwamvita alikuwa dhaifu wa hesabu, lakini miaka ishirini na miwili ya kugawa chakula humfunza mtu mafungu. "Robo," alisema. "Kasoro mbili."

"Na robo katika wajukuu ni nini? Wewe ndiye uliyenifundisha."

Bi Mwamvita alinyanyua kichwa. "Ni nyumba isiyo na mama mkwe."

Wakatazamana. Nakijwa akauliza kwa sauti ya chini, kana kwamba anaogopa kulitisha jibu, "Bibi, ulikuwa unachambua nini?"

Hapo ndipo alipojua. Mazoea yana taabu. Miaka ile ya mwisho ya stendi, ukimweka Bi Mwamvita mbele ya sinia la maharage na mtu wa kuzungumza naye, mkono wa kulia ulijifanyia kazi. Ulikamata zile kaidi, zisizoiva, ukaziingiza kwenye mfuko wa aproni ili wateja wasizione, na jioni zilikwenda kwa kuku. Koti la maabara lilikuwa na mfuko palepale ulipokuwa wa aproni. Alikuwa amemfanyia Dokta Singano kazi ya stendi.

"Ngumu," alisema. "Nimetoa zile ngumu. Zinateleza, halafu zina ubaridi kidogo. Ukizidondosha zinalia kwa sauti nyembamba."

Nakijwa alichukua punje moja katika fungu hili na moja katika lile, akazidondosha. Yeye hakusikia tofauti yoyote. Akaziweka mbele ya Mhakiki. Mhakiki alizitazama kwa macho yote kumi na mawili, akazipima uzito, akazimulika kwa miale ya kupenya. "Zinafanana," alisema.

"Fumba macho, Bibi," alisema Nakijwa. Alichukua thelathini kutoka mafungu yote mawili, akaziwekea alama za wino usioonekana kwa jicho, akazichanganya. Vidole vya Bi Mwamvita vilipita juu yake bila haraka. Alitoa tisa. Mhakiki alisoma wino: zote tisa zilitoka kwenye mfuko wa koti, na katika thelathini hazikuwamo nyingine za huko.

"Hili sikulitarajia," alisema Mhakiki.

Walimfuata Dokta Singano kwenye meza ya chakula akiwa na kijiko mdomoni. Alisikiliza, akakiweka kijiko chini. Alisema inashangaza, lakini haithibitishi kwamba kilichochaguliwa ni ugumu. Labda ni kitu kingine tu ambacho vidole vinakihisi.

"Basi tupike," alisema Bi Mwamvita.

"Jiko-kani lipo hapo nyuma."

"Jiko-kani linaivisha kokoto, mwalimu. Halitatuambia kitu. Nataka mkaa."

Mkaa! Katika jiji zima la Korogwe mkaa ulikuwa mahali pamoja tu, kwenye Makumbusho ya Maisha ya Kale, ghorofa ya chini ya chuo hichohicho. Mlinzi wa makumbusho alitaka sahihi tatu na sababu ya maandishi. Dokta Singano aliandika "utafiti wa haraka," akatoka amebeba jiko la bati, na Nakijwa amekumbatia kisanduku cha kioo chenye mkaa na kibao kilichosema Usiguse. Saa nane kasorobo walikuwa uani. Habari ilikuwa imeshaenea, na darasa zima lilikuja kutazama moto ukiwashwa, kwa sababu hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuuona.

Mhakiki naye aliletwa kwa kigari awe shahidi. "Kuna moshi," alisema mara tu alipofika. "Naomba kila mtu aondoke kwa utulivu."

"Tulia wewe," Bi Mwamvita alimwambia, akipepea kwa kifuniko cha kisanduku.

Aliweka sufuria mbili juu ya jiko moja, zikabanana. Ya kushoto ilikuwa na zile mia tatu na mbili. Ya kulia ilikuwa na za mfukoni. Hakukuwa na hasara, maana kila mche ulikuwa bado na maganda yake kabatini. Hizi zilikuwa mashahidi tu, na shahidi kazi yake ni kusema.

Saa tisa kamili maji yalikuwa yakichemka kwa furaha na maharage yakiwa hayajasema lolote. Saa tisa na robo Bi Mwamvita alifunua, akatazama, akafunika. Dokta Singano alitembea uani kwenda na kurudi. Nakijwa alikula kucha. Bi Mwamvita peke yake alikaa, mkono umeshika shavu. Kwake yeye hofu ya msajili ilikuwa imekwisha. Aliogopa kitu kingine: kwamba atafunua na kuzikuta sufuria zote mbili ni ngumu sawasawa, kama zamani, na hapo hatakuwapo Sikudhani wa kulaumiwa.

Saa tisa na nusu harufu ilitoka, harufu ya kweli, ya maharage yaliyokubali. Wanafunzi waliokuwa wamekaa walisimama bila kujua kwa nini. Bi Mwamvita alifunua sufuria ya kushoto, akachota punje moja kwa mwiko, akaipuliza, akaibana kati ya kidole gumba na cha shahada.

Ilipondeka.

Alichukua ya pili, nayo ikapondeka. Ya kumi ikapondeka. Akafunua ya kulia, akachota, akabana mpaka kidole kikawa cheupe. Punje iliruka, ikagonga kigari cha Mhakiki, ting.

"Jiwe," alisema Mhakiki.

Bi Mwamvita alikuwa akilia na kucheka, na hakujificha. "Mkono wangu haukufa," alisema. "Mnaona? Haukufa."

Dokta Singano alikuwa ameshakimbilia ndani. Alirudi na mabakuli mawili ya mbegu za wazazi na kumwomba aziguse. Kwenye bakuli la Nyekundu ya Milimani Bi Mwamvita aliingiza vidole, akavizungusha, hakutoa hata moja. Kwenye Mbio Nyeupe aligusa tu, akarudisha mkono. "Hizi zote ngumu."

Basi Dokta akalieleza darasa, papo hapo uani, na wengi wao walisema baadaye kwamba huo ndio mhadhara pekee wanaoukumbuka. Ugumu ni jeni fiche, iliyoingia na Mbio Nyeupe. Waliotengeneza mbegu hiyo walitafuta kasi, wakachagua mimea inayokimbia kizazi baada ya kizazi, na ugumu ulikuja nayo kama mgeni aliyepanda gari lisilo lake. Hakuna aliyejua, kwa sababu waliokuwa wakiijaribu walipikia majiko-kani. Kwa jiko-kani maharage yote ni laini.

"Mbegu hii iliingia sokoni lini?" aliuliza Bi Mwamvita.

Dokta alimgeukia Mhakiki.

"Mwaka 2079 kwa majaribio, ikichanganywa na mbegu nyingine," alisema Mhakiki. "Kufikia 2082 ilikuwa imechukua soko lote la mkoa."

Alfu mbili themanini na mbili. Bi Mwamvita hakuhitaji kuhesabu. Ndio mwaka waliofunga vibanda.

Kuna hasara ambazo hazikuandikwa popote. Nchi ilipata maharage ya siku nne na hakuna aliyelala njaa tena, hilo ni jema na atakayelikana ni mwongo. Lakini mahali fulani katika hesabu hiyo walikuwamo wanawake wa stendi, kila mmoja na sufuria yake iliyogoma, kila mmoja akimtazama jirani.

Dokta Singano alitazama saa, akaandika barua yake akiwa amepiga goti moja kwenye vumbi, akaituma saa kumi kasoro dakika saba. Kisha akatoa hukumu. Mwanafunzi Mwamvita anabaki. Alama ya zoezi ni arobaini na tisa kwa mia.

"Arobaini na tisa!" Nakijwa aliruka. "Amegundua jeni!"

"Amegundua jeni, lakini alichokitoa hakukiandika. Sayansi ni kuandika. Arobaini na tisa amefaulu."

"Ni haki," alisema Bi Mwamvita.

"Basi angalau jeni hiyo iitwe Mwamvita."

"Jeni kaidi iitwe jina langu? Wanangu watasema wamelijua siku nyingi." Uani kukawa na kicheko, kile alichokikosa mchana.

Dokta Singano akamsogelea. Walikuwa nje ya mlango, lakini safari hii hakutoa shikamoo kwa sababu ya mapatano tu. Aliinama zaidi kidogo kuliko kawaida. "Shikamoo mama," alisema. "Lile swali lako la siku ya kwanza. Halikuwa la mapishi."

"Marahaba, mwalimu."

Kisha Bi Mwamvita akajitenga, akasimama karibu na jiko, akaigusa pete ya simu kidoleni. Alikaa na jina mdomoni muda mrefu kabla ya kulitamka. Pete ikaita. Ikaita tena.

"Nani?" Sauti ilikuwa imezeeka, ila ukali ulikuwa uleule.

"Ni mimi. Usikate."

Hakukata.

"Shoga," alisema Bi Mwamvita, na neno hilo lilimkwama kwa kutotumika, "chungu chako hakikufungwa na mtu. Wala changu. Ilikuwa mbegu. Nimeijua leo, nimeipika kwa mkono wangu mwenyewe, watu mia wameona. Hatukuwa sisi, Sikudhani. Nisamehe kwa yale maneno ya kamba."

Bi Mwamvita alisikia treni ya hewani ikipita karibu na dirisha la mwenzake, na baada ya kitambo kidogo akaisikia ikipita juu ya chuo.

"Unasema umepika," alisema Sikudhani mwishowe.

"Nimepika."

"Kwa mkaa?"

"Kwa mkaa wa makumbusho."

"Yameiva?"

"Yameiva, shoga."

Upande wa pili mtu akapenga kamasi kwa nguvu. "Umetia nazi?"

"Nazi naitoa wapi huku chuoni?"

"Hebu msikilize! Miaka kumi na miwili na hana adabu ya kupika. Usiyaepue," alisema Sikudhani, na vyombo vikasikika vikigongana. "Nakuja nayo."